LOUIS LEAKEY: MTU ALIYEYAULIZA MAWE KAZI YAKE

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Hebu chukua mbuzi ya nazi, umpe mtu aliyezaliwa mbali na minazi, kisha umwambie akueleze ni kitu gani. Atakigeuza juu chini. Ataona kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno mbele yake. Pengine atasema ni kiti cha mtoto, pengine ni mtego wa panya. Sisi wa Pwani tutacheka mpaka mbavu ziume, manake kila siku twakunia nazi.

Lakini tusicheke sana. Ni wangapi kati yetu wakionyeshwa keekee ya fundi wa majahazi watajua kwamba ule upinde wake ni wa kuzungushia chuma cha kutobolea mbao? Ni wangapi wanaojua kifumbu ni cha kuchujia tui, na chetezo ni cha kufukizia udi na ubani? Vyombo vipo, ila wanaojua kazi zake wanapungua. Chombo kisichojulikana kazi yake huwa takataka, na takataka hutupwa au huuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu.

Ndugu msomaji, mwaka huu chama chetu kimeona vyema tukusimulie maisha ya mtu ambaye umri wake wote aliutumia kujibu swali moja tu: kitu hiki kilikuwa cha kazi gani? Tofauti ni kwamba vyombo alivyoviuliza yeye havikuwa vya bibi wala babu. Vilikuwa vya watu waliokufa maelfu, tena mamilioni ya miaka iliyopita. Mtu huyo ni Louis Seymour Bazett Leakey.

KUZALIWA NA MALEZI

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake walikuwa wamishonari Waingereza wa chama cha CMS. Chama hicho si kigeni kwetu, kwani ndicho kilichoanzisha Freretown hapa Kisauni mwaka 1875, makao ya watumwa walioachwa huru. Ile kengele iliyoko Kengeleni ni ya Freretown. Wazee husimulia kwamba ililizwa ili kuwaonya watu kuwa wenye kukamata watumwa wanakuja. Leo abiria wa matatu hulitaja jina la Kengeleni mara ngapi kwa siku, na wengi wao hawajui kengele yenyewe ilikuwa ya nini!

Mtoto Louis alikulia miongoni mwa watoto wa Kikuyu. Alisema Kikuyu kama lugha ya mama, akacheza nao, akawinda nao, na alipofika umri akaingizwa jandoni pamoja na marika wake. Akapewa na jina la Kikuyu, Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Kwa hivyo alikuwa na makabila mawili, na jambo hili lilimfaa na pia lilimtia matatani baadaye, kama tutakavyoona.

WEMBE WA MIZIMU

Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi, Louis aliletewa kitabu kutoka Uingereza kama zawadi ya Krismasi. Kitabu kilieleza maisha ya watu wa Zama za Mawe huko Ulaya, na jinsi walivyochonga vichwa vya mishale na mashoka kwa jiwe la gumegume. Kijana akashikwa na hamu. Akaanza kutembea akiangalia chini, kwenye njia zilizochimbwa na mvua na kwenye mashamba yaliyolimwa, akitafuta gumegume.

Shida ni kwamba pande zile za Kabete gumegume halionekani. Alichokipata ni vipande vyeusi ving'aavyo kama kioo cha chupa, vyenye makali. Hii ni obsidiani, jiwe litokanalo na volkeno. Akavikusanya hivyo hivyo. Watu wa nyumbani wakamcheka, wakaona mtoto anaokota vigae. Wakikuyu nao walikuwa na maelezo yao: waliviita nyembe za mizimu, na iliaminika kwamba vilianguka kutoka mbinguni wakati wa radi na mvua kubwa.

Tazama hapo, msomaji. Kitu ni kimoja, majibu ni matatu. Mmoja asema ni takataka, mwingine asema ni nyembe za mizimu, na mtoto asema huenda ni kazi ya mikono ya watu. Nani mkweli? Louis hakubishana. Alivipeleka vipande vyake kwa Arthur Loveridge, aliyekuwa msimamizi wa jumba dogo la makumbusho Nairobi. Loveridge akavichunguza, akamwambia kwamba baadhi yake kweli ni zana za watu wa kale. Akamfundisha namna ya kuweka kumbukumbu ya kila kipande na mahali kilipopatikana. Siku hiyo ndo Louis alipojua atakuwa nani maishani.

Na wale Wakikuyu je, walikuwa wajinga? La hasha. Wao waliona makali, wakasema wembe. Hapo walikuwa karibu sana na ukweli. Walichokosa ni kujua nani mwenye wembe.

MASOMO NA MAJERAHA

Mwaka 1922 Leakey aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka uliofuata akaumia kichwa katika mchezo wa raga, akapata maumivu makali, na daktari akamwamuru apumzike masomo. Wengi wangekata tamaa. Yeye akapata nafasi ya kufuatana na msafara wa Jumba la Makumbusho la Uingereza kwenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, kuchimba mifupa ya dinosaria. Mkuu wa msafara, W. E. Cutler kutoka Kanada, alifariki huko kwa malaria mwaka 1925, baada ya Leakey kwisha kurudi masomoni. Kwa miezi michache Leakey alijifunza mengi ya kazi ya kuchimba: namna ya kuufunua mfupa bila kuuvunja, na namna ya kuusafirisha.

Alimaliza shahada mwaka 1926, na mwaka huo huo akarudi Kenya na msafara wake mwenyewe. Alichimba Elmenteita na Nakuru, na baadaye Kariandusi karibu na Gilgil, ambako yalipatikana mashoka mengi ya mkono. Shoka la mkono si kama shoka letu la mpini. Ni jiwe lililochongwa pande zote mbili, umbo lake kama tone la maji au kama kokwa ya embe iliyobanwa, ncha upande mmoja na kitako upande wa pili.

DAU LA OLDUVAI

Kisa cha mwaka 1931 chafaa kusimuliwa kila darasa. Kulikuwa na mtaalamu Mjerumani, Profesa Hans Reck, aliyekwenda Bonde la Olduvai, Tanganyika, mwaka 1913. Alipata mifupa ya wanyama tele, lakini akarudi akisema hakuona zana hata moja. Leakey hakuamini. Akamwalika Reck wafuatane, na wakawekeana dau la pauni 10: Leakey alidai atapata zana katika muda wa saa 24 tangu kufika.

Basi wakafika. Kabla ya saa 24 kwisha, mashoka ya mkono yalikuwa yamekwisha patikana, na si moja. Reck akalipa pauni zake.

Je, Reck alikuwa kipofu? Hapana, alikuwa mtu msomi na mwangalifu. Ila yeye alizoea Ulaya, ambako zana za kale ni za gumegume. Macho yake yalitafuta gumegume, na gumegume haikuwapo. Watu wa Olduvai walichonga mawe ya volkeno na mengineyo waliyokuwa nayo. Leakey aliyeokota vipande vyeusi Kabete alikwisha jifunza kwamba fundi hutumia alichonacho. Kwa hivyo yeye hakutafuta aina ya jiwe, alitafuta alama za mkono wa fundi: mahali lilipogongwa, na namna vipande vilivyobanduliwa kwa mpango.

KUJARIBU KWA MIKONO

Hapa ndipo penye ubora wake hasa. Wataalamu wengi walitosheka kulipima jiwe, kulichora na kulipa jina. Leakey alitaka kulitumia. Alijifunza mwenyewe kuchonga mawe kwa kuyagonga kwa jiwe jingine, mpaka akawa fundi. Kisha akachukua mnyama aliyekwisha uawa, akamchuna ngozi na kumkatakata kwa zana aliyoitengeneza mbele ya watu. Alifanya hivyo mara nyingi, na kazi ilimchukua dakika chache tu. Vilevile alionyesha kwamba meno na kucha za binadamu haziwezi kuipasua ngozi ya mnyama mkubwa. Maana yake, binadamu asingeweza kula nyama ile bila jiwe lenye makali.

Naam, huo ni ushahidi, lakini haujatimia. Kwamba jiwe laweza kukata nyama hakuthibitishi kwamba lilikata nyama. Kisu cha jikoni chaweza kufungulia parafujo, lakini si kazi yake. Hivyo mambo mengine sharti yatazamwe. Jiwe lilipatikana wapi, na lilikuwa pamoja na nini? Mifupa iliyo karibu ina alama za kukatwa? Makali yake yamelika namna gani? Baada ya wakati wa Leakey, wataalamu wamezidi kuyatazama makali hayo kwa hadubini, kwa sababu kukata nyama, kukwangua ngozi na kuchonga mti kila kimoja huacha alama zake.

ALIPOKOSEA

Tusimsifu mtu kama malaika. Leakey alikuwa mwepesi wa kusema, na mara nyingine ulimi ulitangulia ushahidi.

Mwaka 1932 alipata mifupa ya watu huko Kanam na Kanjera, karibu na Ziwa Victoria, akatangaza kwamba ni ya kale mno. Profesa Percy Boswell, mjuzi wa miamba, akaja mwaka 1935 kuona kwa macho yake. Masikini Leakey! Mahali penyewe alipaweka alama kwa vigingi vya chuma, na vigingi vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji walioona chuma chao cha bure. Hakuweza kuonyesha mahali hasa. Boswell akaandika lawama kali, na jina la Leakey likachafuka huko Uingereza. Mwaka uliofuata akaachana na mkewe Frida na kumwoa Mary Nicol, na jambo hilo nalo likazidi kumfungia milango ya Cambridge.

Kosa la pili ni la Olorgesailie, njia ya Magadi. Mwaka 1942 yeye na Mary walikuta huko mamia ya mashoka ya mkono yametapakaa juu ya ardhi. Kati yake kulikuwa na mawe ya mviringo kama mipira. Ya nini haya? Leakey akakumbuka wawindaji wa Amerika Kusini ambao hufunga mawe ya mviringo kwa kamba na kuyarusha miguuni mwa mnyama ili yamtie kitanzi. Akasema haya ndiyo yale yale. Maelezo yalikuwa mazuri na watu waliyapenda. Lakini kamba haikupatikana wala ngozi, na leo wataalamu wengi waona kwamba mawe hayo yalikuwa nyundo za kugongea na kupondea, na kule kugongagonga ndiko kulikoyafanya yawe mviringo. Mfano unaofanana si ushahidi. Hili tulikumbuke kila tukisema kitu fulani bila shaka ni kadha kwa sababu tu kinafanana na kadha.

Lipo na doa jingine ambalo Mkenya hawezi kulipita kimya. Wakati wa Mau Mau Leakey alikuwa upande wa serikali ya kikoloni, akaitumikia kwa ule ujuzi wake wa Kikuyu aliopewa na watu waliomlea. Katika kesi ya Mzee Jomo Kenyatta huko Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa 1952, alikuwa mkalimani wa mahakama, mpaka mawakili wa Kenyatta wakampinga naye akajitoa. Ujuzi ni kama panga: hulima na hukata.

MTU WA ZINJ

Tarehe 17 Julai 1959, Leakey akiwa mgonjwa kambini Olduvai, Mary alitoka peke yake na mbwa wake. Akaona mfupa umechomoza ardhini, na meno mawili makubwa. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa kale. Leakey akaliita Zinjanthropus, na sisi wa Pwani twapaswa kulifurahia jina hilo, manake Zinj ni jina walilotumia Waarabu wa kale kuuita mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1961 vipimo vya miamba vilionyesha umri wa miaka milioni 1.75, na dunia nzima ikashangaa.

Fuvu lilikuwa pamoja na zana za mawe, kwa hiyo Leakey akasema huyu ndiye fundi. Lakini muda si muda mahali pale pale ikapatikana mifupa ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi na mikono iliyoweza kushika vizuri. Leakey akabadili shauri. Mwaka 1964, yeye na Phillip Tobias na John Napier wakampa jina Homo habilis, yaani mtu hodari wa mikono, wakasema huyu ndiye mwenye zana. Kumbe chombo kukutwa ndani ya nyumba ya mtu si lazima kiwe chake!

Hata hilo la kwamba binadamu peke yake ndiye mwenye zana lilitikisika. Leakey ndiye aliyemtuma Jane Goodall kwenda Gombe, Tanganyika, mwaka 1960. Akamwona sokwe akichukua ujiti, akiutoa majani na kuutia kichuguuni ili kuvulia mchwa. Leakey alipopata habari alielewa mara moja kwamba sasa neno zana litahitaji maana mpya, au neno mtu.

Wala tusidhani kazi hii yote ilifanywa na Wazungu. Heslon Mukiri, Mkikuyu aliyemjua tangu utoto, alichimba naye kwa miaka mingi. Kamoya Kimeu, aliyeanza kazi Olduvai mwaka 1960, akawa mmoja wa watafutaji mahiri wa mifupa ya kale duniani mpaka alipofariki mwaka 2022. Macho yao ndiyo yaliyoona mengi yaliyoandikwa kwa majina ya wengine.

KIFO CHAKE NA SISI TULIOBAKI

Louis Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972 kwa ugonjwa wa moyo. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake. Sanamu yake iko nje ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Sasa, msomaji, utauliza haya yatuhusu nini sisi wa bara ya Mombasa. Yatuhusu sana. Mtongwe, hapo Likoni, wengi tunapajua kwa feri na kwa wanamaji. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, walichimba hapo Mtongwe na kupata zana za Zama za Mawe. Naam, pale pale! Mafundi wa mawe waliishi ng'ambo hiyo muda mrefu kabla ya Mombasa kuwa na jina. Jiwe unaloliokota kumpigia embe huenda lilichongwa na mtu.

Basi ukiona jiwe au chombo usichokielewa, fanya haya manne. Kwanza, usiling'oe wala kulibeba, kwani jiwe likitoka mahali pake limepoteza nusu ya habari zake, na isitoshe sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inavilinda vitu kama hivyo. Waarifu watu wa makumbusho Fort Jesus. Pili, angalia palipolika, manake mkono na kazi huacha alama. Tatu, ukikisia kazi yake, jiulize ni kitu gani kingeonyesha kwamba umekosea. Nne, na hili ndilo kubwa, ikiwa ni chombo cha nyumbani, muulize mzee angali hai.

Leakey alilazimika kuyauliza mawe kwa sababu wenyewe walikuwa wamekwisha kufa na hawakuacha neno. Sisi tuna bahati asiyokuwa nayo. Bibi aliyesuka kifumbu yupo Likoni, fundi wa tezo na keekee yupo Kisauni, na babu aliyewasha karabai na kupiga pasi ya makaa yupo Changamwe. Mwaka huu chama chawaomba wanachama wote, kila mmoja wakati wa likizo aandike chombo kimoja cha kwao: jina lake, kimetengenezwa kwa nini, kinashikwa vipi, na kazi yake. Tukiyakusanya hayo tutakuwa na kamusi ndogo ambayo hakuna duka liiuzalo. Mzee akishazikwa, mbuzi ya nazi itageuka jiwe la Olduvai, na wajukuu wetu watawekeana dau kama ni kiti au ni mtego.

Kuuliza si ujinga. Haya, likizo njema!